Put off: maana na matumizi yake kwa Kiswahili

Put off ni kitenzi cha Kiingereza chenye maneno mawili, na maana yake haipatikani kwa kuyafasiri maneno hayo mojamoja. Umbo lake halibadiliki katika wakati uliopita.

Maana

1. Kuahirisha, kusogeza jambo mbele. They put off the wedding until June: Waliahirisha harusi hadi mwezi wa Juni.

2. Kumzungusha mtu kwa visingizio, kumpiga danadana. He keeps putting off his creditors: Kila siku huwapiga danadana wanaomdai.

3. Kumkata mtu hamu, kumchukiza. The smell put me off my food: Harufu ile ilinikata hamu ya kula. Kivumishi chake ni off-putting, yaani -enye kuchukiza.

4. Kumvuruga mtu aliye kazini. The noise put her off: Kelele zilimvuruga.

Uteuzi wa tafsiri

Yambwa ndiyo huongoza. Ikiwa ni tukio au kazi, maana ni ya kwanza. Ikiwa ni mtu, aghalabu ni mojawapo ya tatu zilizosalia. Asiyezingatia hili huishia kuandika *kelele zilimwahirisha, sentensi isiyo na maana.

Muundo

Kiwakilishi hukaa katikati: put it off, si *put off it. Kitenzi kinachofuata huchukua -ing: She put off paying the fees, yaani Aliahirisha kulipa ada, si *put off to pay.

Put off na call off

Kuahirisha si kufuta. Barua ikisema The hearing has been put off, shauri bado lipo na mhusika hana budi kuulizia tarehe mpya. Ikisema called off, kikao kimefutwa. Mfasiri aandikaye “kimefutwa” mahali pa “kimeahirishwa” aweza kumfanya mtu abaki nyumbani siku anayotakiwa mahakamani.

Magazeti ya Tanzania husema pia kwamba kesi “imepigwa kalenda”. Usemi huo wafaa katika habari na mazungumzo. Katika hati rasmi neno ni kuahirishwa.

Methali

Never put off till tomorrow what you can do today. Kiswahili kina yake, isiyohitaji kufasiriwa neno kwa neno: Linalowezekana leo lisingoje kesho.