Mumtaz wa Bombay na Njia za Biashara ya Ziwa

Mwenye kuandika tarikh ya mwambao wa Ziwa Viktoria aghalabu huanza na pamba, akapita kwenye samaki na dhahabu, akahitimisha kwa reli na bandari, wala haoni haja ya kusimama mlangoni mwa sinema, kwa kudhani kwamba pale watu walikwenda kupoteza saa zao tu na kwamba shughuli za maana zilikuwa zikitendeka kwingine. Dhana hiyo ina upungufu. Njia iliyoleta vitambaa na sukari na kuchukua marobota ya pamba ndiyo iliyoleta picha za Kihindi, na nyumba za biashara zilizosimama kandokando ya njia hiyo ndizo zilizomfanya mwigizaji wa Bombay azoeleke kwa mkazi wa Mwanza ambaye hakupata kuuona mji huo maishani mwake. Miongoni mwa waigizaji hao yuko mmoja ambaye maisha yake yanaidhihirisha kauli hii kuliko ya wenzake, naye ni Mumtaz, kwa sababu hakuishia kuonekana katika kitambaa cheupe cha sinema, bali aliolewa katika nyumba ya matajiri wa ziwa hilihili.

Wadachi waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, lakini boma peke yake halifanyi mji. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikaiunganisha Mwanza na bahari kwa njia ya Mombasa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaifuata njia hiyo, mashuhuri wao akiwa Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye maduka yake yalienea pande nyingi za ziwa kabla hajafariki mwaka 1916. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza, na mlango wa pili ukafunguka kuelekea Dar es Salaam. Pamba ya Usukuma ikatoka, na nguo, mafuta ya taa, baiskeli na cherehani zikaingia. Mitaa ya maduka ikajengeka, na pamoja nayo hekalu la Mabaniani, misikiti na jamatkhana.

Haitakuwa insafu kusema kwamba mapatano kati ya wauzaji na wanunuzi yalikuwa mema siku zote. Mkulima wa Kisukuma aliyepeleka pamba yake kwa mnunuzi wa Kihindi aliishuku mizani, na shaka hiyo ni mojawapo ya sababu zilizozaa vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, hata Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Viktoria ukaundwa mwaka 1955. Walakini mtu yuleyule aliyebishana na Mhindi mchana juu ya ratili za pamba aliweza kulipa tikiti jioni ili akamlilie mjane wa Kihindi katika picha, na asione kinyume chochote katika kutenda mambo hayo mawili.

Picha zenyewe zilisafiri kama bidhaa nyingine. Mikanda ilitiwa katika mikebe ya bati, ikapakiwa melini, ikateremshwa pwani, kisha nakala moja ikazungushwa mji kwa mji kwa gari la moshi, hata ikifika bara imekwisha kuchubuka kwa kupita mashine nyingi. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, wala kutojua huko hakukuwazuia, kwani mambo yaliyosimuliwa yalikuwa ni yale waliyoyajua: mama anayedhulumiwa, ndugu wawili waliotengana, baba anayeweka mali mbele ya mapenzi ya mwanawe, maskini anayetetea heshima yake. Nyimbo nazo zilikuwa na njia yake, na watunzi wa taarabu katika pwani yetu walizichukua lahani za sinema za Kihindi wakazitilia maneno ya Kiswahili, zikaimbwa harusini kana kwamba zilizaliwa Tanga au Mombasa.

Katika ulimwengu huo ndimo Mumtaz alimokulia na kupata jina. Alizaliwa Bombay tarehe 31 Julai 1947, majuma mawili tu kabla ya India kupata uhuru, na wazazi wake walikuwa watu wenye asili ya Iran, ambao waliachana yeye angali mtoto mchanga. Haja ya riziki ndiyo iliyomwingiza studio akiwa binti mdogo, na katika mwaka wa 1958 alionekana katika sehemu ndogo ya picha iitwayo *Sone Ki Chidiya*. Mlango wa kwanza wa maana ulifunguliwa na Dara Singh, mpiga mieleka mashuhuri aliyegeuka mwigizaji. Kuanzia *Faulad* ya mwaka 1963 wawili hao walicheza pamoja picha nyingi za mapigano na mapanga. Picha hizo zilipendwa na watu wa viti vya mbele, ila wakubwa wa Bombay walizidharau, na dharau hiyo ikamwangukia binti: akahesabiwa kuwa mwigizaji wa daraja la pili, na wenye majina wakaona haya kusimama naye.

Alivumilia, na subira yake ikajibiwa kwa mafungu. Mwaka 1967 alipewa nafasi katika *Ram Aur Shyam* pamoja na Dilip Kumar, na baada ya mtu wa cheo kile kukubali kucheza naye, waliosalia walikosa hoja. Mwaka 1969 ikaja *Do Raaste* ya Raj Khosla, ambamo alikuwa na Rajesh Khanna, stelingi aliyekuwa akipanda kwa kasi kuliko wote. Jozi hiyo ikapendwa mno, na picha zao zikafuatana mwaka hata mwaka, miongoni mwake *Sachaa Jhutha*, *Apna Desh*, *Aap Ki Kasam* na *Roti*. Lakini picha iliyowanyamazisha waliomdharau ni *Khilona* ya mwaka 1970, ambamo alikuwa mwanamke mcheza ngoma wa majumba ya starehe, anayeajiriwa kumtunza kijana aliyepotewa na akili, naye anamtunza kwa utu ambao jamaa za kijana wenyewe hawakuwa nao. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike.

Mwaka 1974, angali katika kilele cha umaarufu, Mumtaz aliolewa na Mayur Madhvani. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa watu wa ziwa. Muljibhai Madhvani alitoka Gujarat akaja Uganda akiwa kijana katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, akaanza kwa duka, kisha akaanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Alipofariki mwaka 1958 aliwaachia wanawe milki iliyohesabika kuwa miongoni mwa kubwa kabisa Afrika ya Mashariki. Hivyo arusi ile iliunganisha fahari mbili zilizokuwa zimepita njia moja: sinema ya Bombay na biashara ya ziwa.

Ila arusi ilikuja baada ya milki kupokonywa. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90, na Madhvani wakaondoka pamoja na maelfu ya wenzao, na Kakira ikabaki mikononi mwa serikali isiyojua kuiendesha. Basi bibi arusi hakupelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Jinja. Makazi yake yakawa London, na taratibu akaiacha kazi ya sinema.

Upande wetu wa ziwa hapakuwa na kufukuzwa, lakini mabadiliko yalikuwapo. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jamaa nyingi za Kihindi zikahama Mwanza kwenda Dar es Salaam, Uingereza au Kanada, na uingizaji wa picha ukawa jambo la shirika la umma. Televisheni haikuwapo Bara hata mwaka 1994. Kwa hiyo Tabassum, aliyekuwa mwigizaji tangu utotoni na ambaye mwaka 1972 alianza kuongoza kipindi cha mazungumzo na wasanii katika televisheni ya India, akakiendesha kwa takriban miaka 21, hakuweza kujulikana Mwanza kwa kazi hiyo, ijapokuwa nchini mwake sauti yake iliingia kila nyumba yenye chombo. Mkanda wa sinema ulikuwa bidhaa, na bidhaa huenda ilipo njia. Mazungumzo ya televisheni hayakuwa na mkebe wa kutiliwa.

Kakira ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1985, ikafufuka hata ikawa tena kiwanda kikubwa cha sukari. Mumtaz alirudi mara moja tu katika sinema, kwa *Aandhiyan* ya mwaka 1990, isiyopata kibali cha watu, akatunukiwa na Filmfare heshima ya kazi ya maisha mwaka 1996, kisha akapambana na saratani ya matiti akapona. Mwanza nayo, baada ya zama za sinema na za kanda za video, ikapata kituo chake chenyewe, Star TV, na picha zikaanza kutoka mjini kwenda nchini badala ya kuingia tu.

Kutokana na hayo yafaa tuseme kwamba mapenzi ya watu wa ziwa kwa picha za Kihindi hayakuwa upuuzi wa vijana wala kuiga wageni, bali yalikuwa tunda la njia ileile iliyowauzia nguo na kuwapunja pamba. Anayetaka kuijua biashara ya Mwanza na auhesabu mkebe wa filamu pamoja na robota la pamba, kwa kuwa vyote viwili vilipita katika stesheni moja, na nyumba ziletazo bidhaa zilipovunjika, nyota walioletwa nazo walififia pia.