Mwenye Duka na Kiti cha Udiwani: Habari za Ikwiriri na Bonde la Rufiji

Neno "diwani", ambalo leo hutajwa na kila mtu wakati wa uchaguzi, asili yake ni ya Kiajemi, nalo lilitumika katika Mrima kwa maana nyingine kabla ya kuwa jina la mjumbe wa halmashauri. Katika miji ya Bagamoyo, Winde na Saadani, karne ya 19, diwani alikuwa mkubwa wa mji, mtu wa ukoo unaojulikana, ambaye misafara ya bara na majahazi ya pwani yalimpa ada yake kabla ya biashara kufanyika. Wazee hao hawakuona aibu kuwa watawala na wachuuzi kwa wakati mmoja. Aliyeamua mashauri ya mji ndiye aliyepata fungu lake katika pembe na sandarusi zilizopita mlangoni pake, na hapana aliyemwuliza kwa nini.

Kwa hiyo mwenye duka wa Ikwiriri anapochukua fomu kugombea udiwani, ukiangalia kwa jicho la historia ndefu, hafanyi jambo geni. Ugeni umo katika ile miaka 24, tangu 1967 hata 1991, ambayo kanuni ya chama tawala ilikataa kwamba mtu mmoja awe na biashara yake na uongozi pamoja. Kukataa huko hakukuzuka bure. Kulikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa katika Rufiji yenyewe.

Bonde la Rufiji ni nchi ya mto. Mto ukifurika huleta rutuba mashambani, na maji yakishuka watu hulima mlao, yaani mazao ya baada ya mafuriko. Zamani wengi walikaa kule kule bondeni karibu na mpunga wao, wakajenga madungu juu ya nguzo ili wajiokoe na maji na wafukuze ndege. Katika delta watu walikata boriti za mikoko, zikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Mpunga ulishuka kwa mitumbwi. Biashara basi ilikuwako tangu zamani, walakini mwenye mpunga mara nyingi hakuwa mwenye duka, na kati ya hao wawili palikuwa na daftari la madeni.

Wadachi walipotawala waliweka boma lao Mohoro, na chini ya boma waliwaweka maakida. Akida alitoza kodi, aliamua kesi, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20 akasimamia mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima kwa malipo yasiyofaa kitu. Alikuwa hakimu, mtoza kodi na msimamizi wa mazao, vyote katika kofia moja. Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, katika Rufiji, na kutoka kwake maji yakaenea. Naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilipoanza, mji wa biashara wa Samanga katika pwani ya Umatumbi ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kushambuliwa. Mtu aliyetozwa upande mmoja na kukopeshwa upande mwingine hakuwa na haja ya kupambanua mkono upi ni wa serikali na upi ni wa biashara.

Waingereza hawakubadili sana sura ya jambo hilo. Katika sehemu nyingi za pwani, ambako hapakuwa na machifu wakuu, waliendelea kuwatumia maliwali na maakida chini ya Bwana Shauri. Mwafrika mwenye duka hakuwa na kiti mahali popote. Ndiyo sababu yapasa kumkumbuka Erica Fiah, Mganda mwenye duka katika Dar es Salaam, ambaye mwaka 1934 aliwakusanya wafanyabiashara wa Kiafrika katika chama chao cha ustawi na biashara, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Fiah hakuwa karani wa serikali, na hilo lilimpa ulimi. Aliyekula mshahara wa serikali aliogopa kusema. Aliyekula faida ya duka lake aliweza kusema hata kukaudhi. Jambo hili halina budi kuwekwa katika mizani pamoja na madaftari ya madeni, kwa kuwa nalo ni la kweli.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 ulimpa mwenye duka nafasi nyingine. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kazi ya namna iliyotajwa, au pato la paundi 150 kwa mwaka. Mkulima wa mlao hakuwa na moja katika hayo. Mchuuzi aliyefanikiwa aliweza kuwa nalo la tatu, hata kama hakusoma. TANU iliamua mjini Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi huo juu ya masharti hayo mabaya, ikashinda. Chama chenyewe kilikuwa kimebebwa kwa sehemu na fedha za watu wa biashara: John Rupia alikuwa makamu wa rais wa TANU na tajiri aliyekikopesha na kukichangia, na Dossa Aziz hukumbukwa kwa gari alilompa Mwalimu Nyerere kwa safari za chama. Mwaka 1960 Sheikh Amri Abedi, mshairi na mwanachuoni, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Miaka michache baadaye halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa zilishika mahali pa tawala za wenyeji.

Habari ya Rufiji katika miaka hiyo haiwezi kuelezwa pasipo Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akajulikana kwanza katika lelemama, kisha akawa sauti ya wanawake wa TANU tangu 1955, na baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Alikuwa Mbunge wa Rufiji na waziri mdogo. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ambapo TANU iliwasimamisha wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja kwa alama ya jembe na mmoja kwa alama ya nyumba, watu wa Rufiji hawakumrudisha.

Miaka miwili baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Azimio lilitaka kila kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Katika orodha ya viongozi waliofungwa na masharti hayo madiwani walitajwa. Duka halikutajwa kwa jina lake. Walakini mwenye duka aliyeajiri watu hakujua ajiweke wapi: mkulima si yeye, na mfanyakazi si yeye.

Bibi Titi hakulikubali sharti la nyumba za kupangisha, akajiuzulu nafasi zake katika chama mwaka ule ule. Watu wengi wamelisimulia jambo hili kama habari ya mtu mmoja kupenda mali. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwanamke wa mjini asiye na cheti kikubwa cha shule, ambaye hakuwa na pensheni wala shamba la urithi, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo kinga yake ya uzee. Sharti moja lilimwangukia waziri mwenye shahada kwa uzito mmoja, na likamwangukia yeye kwa uzito mwingine. Kwa upande wa pili, Mwalimu Nyerere aliona wazi kwamba kiongozi aliye pia mwenye nyumba hataweza kuamua kwa haki baina ya mpangaji na mpangishaji. Wote wawili walikuwa na hoja, na sharti halikuwa na mlango wa kuwapatanisha. Yaliyompata Bibi Titi baadaye, kukamatwa mwaka 1969, hukumu ya uhaini na msamaha wa mwaka 1972, ni habari nyingine.

Mji wa Ikwiriri nao, kwa ukubwa wake wa leo, ulikua katika zama zile zile za masharti. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliharibu mashamba na makazi bondeni, na serikali ikawahamisha watu kwenda nchi ya juu, kaskazini ya mto, katika vijiji vilivyopangwa. Operesheni Rufiji ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza za vijiji katika Tanzania. Ikwiriri ilipokea wengi. Wahamiaji walipata barabara, shule na zahanati, nao wakawa mbali na mashamba yao ya mto, wakawa wanakwenda na kurudi. Mtu aliyetenganishwa na ghala lake huhitaji duka kuliko aliyekaa karibu nalo. Hivyo kijiji kilichojengwa kwa siasa ya ujamaa kikawazidishia wachuuzi wateja.

Sauti ya wenyeji ilikuwa ikipungua wakati huo huo. Mnamo 1969 na 1970 halmashauri ziliondolewa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, na Julai 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa, kazi zao zikapewa maofisa wa mkoa na wilaya. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambayo iliamuru maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na maduka ya ujamaa yashike nafasi. Kwa muda basi swali la mwenye duka kuwa diwani lilikwisha kwa njia ya ajabu: diwani hakuwako, na duka lilikuwa limekatazwa. Maduka ya ujamaa hayakuweza kuleta sukari na sabuni za kutosha, na amri ile ikalegezwa.

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, katika kikao cha Zanzibar, ikalegeza masharti ya Arusha: kiongozi akaruhusiwa hisa, mishahara na nyumba za kupangisha. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Mlango ukafunguka kimya kimya, bila kelele zilizosikika ulipofungwa.

Katika Ikwiriri kilichowatajirisha wachuuzi kuliko azimio lolote kilikuwa daraja. Hapo awali msafiri wa Lindi alisubiri kivuko cha Ndundu, na masika yakichacha aliweza kusubiri siku nyingi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita zipatazo 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Mbao, samaki, mpunga na ufuta vikapata njia ya Dar es Salaam, na Ikwiriri, iliyo karibu na daraja upande wa kaskazini, ikawa na stendi, nyumba za wageni, mashine za kukoboa na mawakala wa kila bidhaa. Ikapewa hadhi ya mji mdogo.

Mwenye biashara anayegombea mahali kama hapa huanza na fadhila ambayo mwalimu au mkulima hana: watu wanamjua kwa daftari. Mwaka wa njaa alitoa unga kwa mali kauli. Palipokuwa na msiba alitoa sukari na sanda. Je, hayo ni ukarimu au ni kampeni iliyoanza mapema? Sheria yenyewe iliyumba. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi iliongezewa kifungu kilichoruhusu takrima, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni desturi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu hicho, kwa kuwa kilimbagua mgombea asiye na kitu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Daftari la dukani, hata hivyo, haliandikwi katika fomu yoyote ya gharama. Mwenye deni huingia katika chumba cha kura peke yake, na hapo kura ni siri. Lakini hurudi dukani mchana.

Masharti mengine ni mepesi. Mgombea udiwani awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na njia halali ya kujipatia riziki, na adhaminiwe na chama. Sharti la riziki halali latazama kinyume cha Azimio la Arusha: pale biashara ilimwondoa mtu, hapa humsaidia kuingia. Si kwamba kazi ni nyepesi. Mwaka 2016 na 2017 wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na aliyekubali cheo cha mtaa katika miezi ile alikubali pamoja nacho kulala kwa hofu.

Akishachaguliwa, swali la Arusha humrudia kwa umbo dogo. Halmashauri huishi kwa ushuru wa mazao, leseni na ada za masoko, na mnunuzi wa ufuta au mbao aliye diwani hukaa katika kikao kinachopanga kile atakachotozwa yeye. Sheria ya mwaka 1982 haikumkataza kukaa. Ilimtaka aseme mbele ya wenzake kwamba ana maslahi katika shauri, kisha asishiriki katika mjadala wala kura. Mpango huu humtegemea mtu mwenyewe kusema, au jirani yake kumtaja. Katika mji ambamo kila mtu anajua mzigo wa nani uko juu ya lori la nani, kumtaja si kazi ngumu kwa macho; ugumu ni kwamba aliye na ujasiri wa kumtaja huenda naye jina lake limo katika daftari.

Makao ya halmashauri yako Utete, ng'ambo ya kusini ya mto. Diwani wa Ikwiriri siku ya kikao hulipita Daraja la Mkapa, akaendelea hadi Nyamwage, kisha akaiacha barabara kuu na kushika njia ya Utete. Duka huachiwa kijana au mke, pamoja na daftari.