Rimu za Fuchs na Utando Wake

Nikiletewa rimu za Porsche 911 ya zamani, kwanza huzigeuza. Nyuma ndiko kwenye maandishi: jina la Fuchs, namba ya Porsche, ukubwa, na tarehe ya kutengenezwa, mwezi na mwaka. Zikiwa nne zenye tarehe za karibukaribu, na zote zimelitangulia gari lenyewe kidogo tu, basi hizo ndizo zilizotoka nalo kiwandani. Hapo humwomba mwenye gari akae kitini, kwa sababu kazi ya rimu kama hizo haianzi kwa msasa. Huanza kwa kujua zilivyozaliwa.

Zilizaliwa Meinerzhagen, mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani, katika kiwanda alichokianzisha Otto Fuchs mwaka 1910. Rimu za alumini zilikuwapo kabla ya hizi za Fuchs. Mwaka 1924 Ettore Bugatti alipeleka Type 35 kwenye Grand Prix ya Ufaransa huko Lyon zikiwa na magurudumu ya alumini ya spoku nane bapa, ngoma ya breki ikiwa kitu kimoja na gurudumu. Lakini yale yalikuwa ya kusubu, yaani metali iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Metali ya kusubu inaweza kubaki na vitundu vya hewa ndani yake, kwa hiyo fundi hulazimika kuiacha nene ili aiamini.

Porsche walikuwa wakiandaa 911 S, gari la nguvu ya farasi 160, na walitaka rimu nyepesi isiyo na shaka hiyo. Fuchs wakaifua. Pande la alumini lililopashwa moto liliwekwa kwenye presi, likakandamizwa hatua kwa hatua hadi likatoa umbo, kisha ukingo ukavingirishwa kufikia upana wake na mwisho rimu ikakerezwa. Metali iliyofuliwa namna hiyo hushikana, chembe zake zikafuata mkondo wa umbo lenyewe, na ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Umbo la majani matano lilitoka studio ya Porsche, kwa mikono ya Heinrich Klie na Ferdinand Alexander Porsche. Gari lilionyeshwa mwaka 1966, rimu zikiwa na upana wa inchi 4.5 na kipenyo cha inchi 15. Kila moja ilikuwa nyepesi kuliko ya chuma kwa takriban kilo 3. Kilo 3 zinaonekana si kitu, ila huo ni uzito usiobebwa na springi: ukipungua, tairi huifuata barabara upesi zaidi.

Sasa, kuhusu ngozi yake. Rimu ya Fuchs haikutiwa kromiamu wala vanishi. Ilitumbukizwa kwenye asidi, umeme ukapitishwa, na alumini yenyewe ikaota utando mgumu wa oksidi, halafu vitundu vya utando huo vikazibwa. Rangi yake ni ya fedha iliyotulia, haimulikimuliki. Wateja wengi hawajawahi kuiona ikiwa nzima, na hapo ndipo tunapobishana.

“Fundi, nataka zing’ae kama kioo,” mteja mmoja aliniambia.

“Mzee, hazikutoka kiwandani hivyo.”

“Lakini nimeona zingine mjini zinang’aa.”

Ni kweli ameziona. Ule utando umechubuliwa, alumini tupu ikasuguliwa kwa polishi, na kwa muda ni nzuri mno. Kisha mvua, chumvi ya pwani na vumbi la breki vinaanza kazi, nayo inafifia na kuota madoa meupe. Inasuguliwa tena, na kila ikisuguliwa inapoteza metali kidogo na kingo kali za yale majani zinazidi kuviringika. Rimu iliyopita mikono mingi ya namna hiyo naitambua kwa kupitisha kidole gumba ukingoni mwa jani. Hilo huniuma, kwa sababu ukingo ulioliwa haurudi.

Njia ninayoitetea ni ndefu. Rangi ya zamani huondolewa kwa dawa. Utando hutolewa kwa maji ya kostiki soda, na hapo huwezi kugeuka kuzungumza na mtu: alumini huchemka povu, na ukichelewa kuitoa, soda inakula metali yenyewe. Inatoka imevaa masizi meusi, ambayo ni vile vitu vingine vilivyochanganywa na alumini na ambavyo soda haikuviyeyusha. Masizi hayo huondolewa kwa asidi ya nitriki. Ndipo msasa laini, kidogo tu, kisha rimu hurudishiwa utando kwa umeme. Rangi ya unga ya kuoka tanurini siipendi kwa rimu hizi, kwa sababu nguvu ya alumini iliyofuliwa hutokana na joto lililopimwa. Yenye ufa kuuchomelea ni kuhatarisha watu. Hiyo huwekwa ukutani.

Rangi nayo ina historia. Kwenye Carrera RS 2.7 ya 1973, katikati ya rimu palipakwa rangi moja na maandishi ya ubavuni, nyekundu, buluu au kijani. Kuzipaka nyeusi zote ni kuifuta kumbukumbu hiyo.

Huku kwetu tulizijua rimu hizi kwenye tope. Sobiesław Zasada alishika nafasi ya pili Safari Rally ya 1972 akiwa na 911, Björn Waldegård akawa wa pili mwaka 1974, na mwaka 1978 Vic Preston Jr naye akawa wa pili katika 911 SC. Porsche hawakuwahi kushinda Safari katika miaka hiyo. Ilikuwa mwaka 2011, kwenye mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, ndipo Waldegård alipolifikisha 911 la kwanza, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias akimsomea njia.

Rimu zilizopita njia hizo nikiletewa, huziosha, nikazipima nyufa kwa dawa nyekundu inayopenya. Zikifaulu, alama za mawe naziacha zilivyo.