Ardhi Iliyo Nje ya Mlango: Utunzaji wa Maeneo ya Wazi katika Mitaa ya Nyumba za Umma ya Nairobi

Maeneo ya wazi ya mtaa wa nyumba za umma ni ardhi yote iliyo nje ya kuta za nyumba lakini ndani ya mpaka wa mtaa: nyasi baina ya safu za nyumba, vichochoro, uwanja wa watoto, kamba za kuanikia nguo, mitaro ya maji ya mvua, kivuli cha mti wanapoketi wazee jioni. Kisheria ardhi hiyo ni ya serikali au ya manispaa, ilhali kimatumizi ni ya kila mtu anayelala hapo. Mwenye hati yuko mbali na hapiti kila siku. Mtumiaji yuko karibu lakini hana mamlaka ya kumwambia jirani asimwage taka mtaroni. Hoja ya makala haya ni kwamba maeneo hayo huharibika kwa sababu ya pengo hilo la mamlaka, wala si kwa sababu wakazi hawajali, na kwamba pengo huzibika pale tu ambapo kundi dogo la majirani limepewa haki inayotambuliwa ya kuamua juu ya ardhi iliyo mbele ya milango yao.

Mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Eastlands, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa kuwa imejengwa kwa vipindi tofauti na kwa nadharia tofauti za makazi. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakiwa miongoni mwa mafundi wake. Wapangaji wa mji walifuata wazo la mji-bustani lililoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard tangu 1898. Nyumba za mawe zisizo na ghorofa, zenye mapaa ya vigae, zilipangwa kuzunguka ukumbi wa jamii, na kati yake ikaachwa nafasi kubwa ya nyasi na miti. Nafasi hiyo ilikuwa sehemu ya makazi yenyewe: vyumba vilikuwa vidogo, na sehemu kubwa ya maisha ya familia ilipitia nje. Mitaa iliyofuata, kama Bahati, Jericho na Maringo, nayo iliachiwa viwanja vya pamoja, ingawa si kwa ukarimu uleule.

Mpango huo ulitegemea halmashauri ya jiji kwa kila kitu. Halmashauri ndiyo iliyofyeka nyasi, kuzoa taka, kuzibua mitaro na kukarabati mifereji. Mkazi alikuwa mpangaji wa kulipa kodi na kutii masharti, na hakuna chombo chochote cha wakazi kilichopewa usemi juu ya uwanja. Kasoro hiyo haikuonekana kwa muda mrefu, maana kazi ilifanyika. Ilijitokeza halmashauri ilipodhoofika. Mwaka 1983 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji la Nairobi na kuweka tume iliyoendesha jiji hadi 1992, na katika miaka hiyo huduma za mitaa zilizorota sana. Nyasi zilipoacha kufyekwa, hapakuwa na mwingine wa kushika panga kwa niaba ya wote.

Kilichofuata kinajulikana na kila mkazi wa Eastlands. Vibanda vya mabati vilichomoza kandokando ya nyumba, vingine vya biashara, vingine vya kupangisha. Ni rahisi kuwalaumu waliovijenga, na lawama hiyo imerudiwa mno katika mijadala ya mipango miji. Lakini kibanda ni jibu la mtu mwenye familia iliyokua ndani ya chumba kisichokua. Tena kwa kila mmoja peke yake lilikuwa jibu la busara: nafasi asiyoichukua yeye ingechukuliwa na mwingine, na yeye angebaki bila uwanja na bila chumba. Wakati huohuo wenye nguvu walichukua vipande vikubwa zaidi kwa karatasi. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, zikiwemo sehemu zilizotengewa huduma za jamii mijini, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mtaa haukuweza kuzuia unyakuzi huo kwa kuwa hakuna mkazi aliyekuwa na hadhi ya kisheria ya kudai kwamba uwanja ule ni wake.

Nadharia iliyotumiwa zaidi kueleza hali hii ni ile ya mwanaikolojia Garrett Hardin, aliyedai mwaka 1968 kwamba mali ya pamoja huangamia kwa sababu kila mtumiaji hufaidi peke yake huku hasara ikigawanywa kwa wote. Nadharia hiyo inavutia, lakini ilichanganya mambo mawili tofauti: mali isiyo na msimamizi na mali yenye wasimamizi wengi. Hardin mwenyewe alikubali baadaye kwamba alikuwa akizungumzia mali ya pamoja isiyosimamiwa. Mtafiti Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha 1990, alichunguza malisho, misitu na mifereji ya umwagiliaji iliyodumu kwa karne nyingi mikononi mwa jamii, akabainisha yanayoidumisha: mpaka unaojulikana, kanuni zinazotungwa na watumiaji wenyewe, ufuatiliaji, adhabu zinazopanda hatua kwa hatua, na serikali inayotambua haki ya watumiaji kujipangia. Uwanja wa Kaloleni haukuwa na hata moja kati ya hayo. Ulikuwa malisho yasiyo na wachungaji waliokubaliana.

Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 kwa ajili ya familia za kipato cha kati zilizonunua nyumba kwa mikopo, inatoa picha nyingine. Nyumba zake zimepangwa kuzunguka nyua ndogo za pamoja ambazo wakazi huziita korti, nyingi zikiwa na njia moja ya kuingilia. Umbo hilo lilifanya kazi ambayo sheria haikuifanya: kila mtu alijua korti yake inaanzia wapi na ni nyumba gani zinazoihusu. Huduma za jiji zilipopungua, wakazi wa korti walichanga, wakaweka geti, wakaajiri mlinzi, wakapanda maua. Ila nje ya korti, kando ya barabara kuu za mtaa, hali ilikuwa ileile ya Kaloleni. Maduka na vyumba vya nyongeza vilisonga mbele hadi kula nafasi ya waendao kwa miguu. Watu walewale, wenye elimu na kipato kilekile, walitunza ua na kuiachilia barabara, na jambo hilo linatosha kuonyesha kwamba tofauti haikutokana na tabia zao.

Mfano wenye uzito zaidi unatoka Dandora, kwa kuwa huko hapakuwa na kipato cha kati cha kuchangisha. Dandora ilianzishwa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia kama mradi wa viwanja 6,000 vyenye huduma za msingi, ambapo mwenye kiwanja alijengewa choo na bafu na kumalizia nyumba mwenyewe. Nyua za pamoja zilizoachwa kati ya viwanja ziligeuka majaa ya taka na maficho ya wahalifu, jirani na dampo kuu la jiji. Mnamo miaka ya 2010 vijana wa korti moja, waliojiita Mustard Seed, waliusafisha ua wao, wakapaka rangi, wakapanda miti, wakaweka michezo ya watoto, na kuomba kila nyumba mchango mdogo wa kila mwezi. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la Dandora Transformation League, lililoendesha mashindano ya kupendezesha nyua, na korti nyingi zikajiunga.

Siri ya Dandora iko katika mpangilio wa malipo zaidi kuliko katika rangi. Kijana anayefagia na kulinda hulipwa na watu wanaomwona kila asubuhi. Akilegea, mchango hukoma mwezi huohuo. Anapata kipato, kaya zinapata usalama, na watoto wanapata pa kuchezea ambapo mama anaweza kuwaona kutoka dirishani. Hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili katika maandishi ya mipango miji. Kwa mwanamke anayefanya biashara nyumbani, ua salama humpa saa kadhaa za kazi kila siku.

Kinyume na mpangilio huo, mpango wa serikali wa Kazi Mtaani, ulioanza 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, uliwalipa vijana ujira wa siku kwa kufyeka, kuzoa taka na kuzibua mitaro katika makazi duni. Ulisaidia kaya nyingi katika kipindi kigumu. Hata hivyo malipo yalitoka hazina ya taifa, na fedha zilipokoma, kazi ilikoma nazo. Singapore ilichagua njia ya kudumu zaidi: chini ya sheria ya 1988, halmashauri za miji hutunza maeneo ya pamoja ya mitaa ya nyumba za umma kwa ada ya kila mwezi ya kila kaya, na sehemu ya ada huwekwa akiba kwa ukarabati mkubwa. Nairobi haina utajiri wa Singapore, lakini kanuni ya kutenga ada ya uwanja na kodi ya nyumba inawezekana popote.

Usimamizi wa korti una hatari zake. Geti linalomzuia mwizi humzuia pia mchuuzi wa mboga na mtoto wa mtaa wa pili, na mji wenye mageti mengi hupoteza njia zake. Aidha kikundi cha vijana wasiochaguliwa kinaweza kugeuza mchango kuwa ushuru wa lazima. Ndiyo maana utambuzi wa serikali ya kaunti, iliyochukua nafasi ya halmashauri ya jiji, ni muhimu kuliko ruzuku yake: mkataba wa maandishi unaotaja mpaka wa ua, njia zitakazobaki wazi, kiwango cha mchango na namna ya kuwaondoa wasimamizi.

Suala hili sasa limehamia kwenye mitaa inayojengwa upya. Pangani, mtaa wa zamani wa kaunti uliokuwa na familia 48, umebomolewa ili kupisha maghorofa yenye mamia ya nyumba, na baadhi ya mitaa ya Eastlands imo katika mpango wa aina hiyo. Sheria ya Kenya ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inataka wenye nyumba waunde shirika la kusimamia mali ya pamoja na kulichangia, hatua ambayo inaziba pengo la Kaloleni kwa upande mmoja. Lakini wanachama wa shirika hilo ni wamiliki. Pale nyumba zinaponunuliwa na watu wanaoishi kwingine na kupangishwa, anayepita uwanjani kila siku hana kura, na mwenye kura haoni mtaro ulioziba. Mikataba ya mitaa mipya inaweza kulirekebisha hilo mapema kwa kuwapa wapangaji viti katika kamati ya kila jengo na haki ya kukagua hesabu za ada ya uwanja.