Giggs Hakubahatika, Alivumilia

Wasee, nikiskia mtu akisema Giggs alibahatika, nacheka tu. Huyu ni kijana wa Peckham, kusini mwa London, aliyefungwa jela kwa kupatikana na bunduki. Kutoka tu, akashika maiki. 2007 ngoma yake "Talkin' da Hardest" ikawasha mitaa.

Ukadhani mambo ni shwari? 2010 ziara yake ikafutwa baada ya polisi kuingilia kati. Hapo ndipo huwa naumia. Mtu akitoka jela anaambiwa atafute kazi halali. Jamaa akaipata, wakamfungia mlango.

Lakini hakuacha kurekodi. 2016 albamu yake "Landlord", bila lebo kubwa, ikafika namba 2 Uingereza. Ukitaka kijana atoke kona, usimnyime jukwaa.