Uvuvio wa Maandiko na Biblia ya King James: Hoja kutoka Nanyuki

Mhubiri wa Nanyuki anapotangaza mfungo, aghalabu husimama juu ya Mathayo 17:21, mstari unaofundisha kwamba aina fulani ya pepo haitoki ila kwa kusali na kufunga. Mwenye Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 huuona mstari huo ndani ya mabano. Mwenye King James huuona bila alama yoyote. Kijana aliyefungua NIV kwenye simu yake hutoka mstari wa 20 akaingia wa 22, na wa 21 haupo ila katika maelezo ya chini. Akiuliza, huenda akajibiwa kwamba Biblia mpya za Kiingereza zimechezewa, na kwamba King James, tafsiri ya mwaka 1611, ndiyo pekee yenye pumzi ya Mungu.

Hofu iliyo nyuma ya jibu hilo ni ya haki. Muumini aliyekesha akiomba juu ya mstari fulani ana sababu ya kushtuka akiambiwa haumo katika nakala za kale, na mchungaji anayemcheka anamkosea. Lakini fundisho lenyewe halina msingi, na katika miji hii ya Mlima Kenya lina madhara ambayo hayasemwi vya kutosha.

Si fundisho la kale. Benjamin Wilkinson, msomi wa Kiadventista, aliitetea King James dhidi ya tafsiri za kisasa katika kitabu cha mwaka 1930. Mbaptisti David Otis Fuller aliitumia kazi yake katika mkusanyo wake wa mwaka 1970. Peter Ruckman wa Florida alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba Kiingereza cha 1611 kinaweza hata kuyasahihisha maandishi ya Kigiriki. Huku kwetu mawazo haya yameletwa na baadhi ya wamisionari wa Kibaptisti wa kujitegemea kutoka Marekani, na vitabu na mahubiri ya video yakayasambaza.

Watafsiri wa 1611 wangeshangaa. Katika dibaji iliyoandikwa na Miles Smith walisema kwamba hata tafsiri dhaifu kuliko zote ni neno la Mungu, kama vile hotuba ya mfalme bungeni inavyobaki kuwa ya mfalme ikitafsiriwa kwa Kifaransa au Kiitaliano, hata mtafsiri asipokuwa hodari. Pembeni mwa kurasa waliandika njia nyingine za kusoma pale walipokuwa na shaka. Kwenye Luka 17:36 waliweka wazi kwamba mstari huo haupatikani katika nakala nyingi za Kigiriki. Yaani jambo linalohesabiwa kuwa dhambi ya NIV, watafsiri wa King James walilifanya wao wenyewe, kwa uaminifu uleule. Matoleo mengi yanayouzwa leo hayana dibaji hiyo, na nadhani kukosekana kwake kumechangia sana fundisho hili kuenea.

Watetezi wa fundisho hili wana hoja moja nzito, nayo lazima ijibiwe. Paulo anamwambia Timotheo kwamba tangu utotoni ameyajua maandiko matakatifu, kisha anasema kila andiko lina pumzi ya Mungu. Timotheo alikulia Listra, baba yake Myunani; yaelekea maandiko aliyoyajua yalikuwa nakala, pengine tafsiri ya Kigiriki. Basi, wasema, tafsiri nayo inaweza kuitwa yenye uvuvio. Nakubali. Augustino aliamini jambo la namna hiyo kuhusu tafsiri ya Wale Sabini, yaani Agano la Kale la Kigiriki, ilhali Yeronimo alisema hao walikuwa watafsiri, hawakuwa manabii. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa Kigiriki cha Timotheo, nani ataufunga mara tu Kiingereza kikiingia?

Tena mlango huo ni wa Kikuyu pia. Huko Tumutumu, karibu na Karatina, Arthur Barlow wa misheni ya Kiskoti alifanya kazi ya tafsiri pamoja na Wakikuyu waliomfundisha lugha. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926, Biblia nzima mwaka 1951. Ulipozuka mzozo wa tohara ya wasichana mwaka 1929, waliobaki misheni na waliotoka walibishana wakiwa na Agano lilelile mikononi. Akorino, Wakristo wa Kikuyu waliojitokeza nje ya misheni katika miaka hiyo ya 1920, walilisoma kwa kufunga na kuomba, wakajenga imani isiyomtegemea mmisionari. Mwaka 1934 watatu wao waliuawa na polisi wa kikoloni katika msitu wa Ndarugu. Anayesema uvuvio uko katika Kiingereza cha 1611 peke yake anasema kwamba watu hao waliishi na kufa kwa neno la daraja la pili, na kwamba bibi anayesoma Kikuyu chake Nanyuki leo hana Biblia kamili mpaka mjukuu amtafsirie. Sioni Mkristo anayeweza kulitamka hilo mbele ya bibi huyo.

Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) lina urithi unaojibu suala hili tangu zamani. Ungamo la Westminster la mwaka 1646 linaweka uvuvio wa moja kwa moja katika Kiebrania na Kigiriki, kisha linaagiza Maandiko yatafsiriwe katika lugha ya kawaida ya kila taifa yanakofika. Kiingereza hakipewi kiti cha mbele.

Na mfungo je? Mathayo 17:21 haumo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, na wataalamu wengi huona mwandishi fulani aliuhamisha kutoka Marko 9. Hata hivyo Yesu anafundisha kufunga katika Mathayo 6, na anasema katika sura ya 9 kwamba wanafunzi wake watafunga. Mhubiri ana pa kusimama bila mabano.

Vyuo vya Biblia vya Nyeri, Karatina na Nanyuki viisomeshe dibaji ya 1611 katika mwaka wa kwanza, pamoja na historia ya nakala za Kigiriki na ya Biblia ya Kikuyu. Wachungaji nao, wanapotangaza somo, waeleze mabano yanamaanisha nini kabla kijana hajaenda kutafuta jibu kwingine.