Kuvunja ni rahisi

Mwenzenu nimepotea wiki mbili, pepa ya semina ilinikaba koo. Jana nimeikabidhi, namshukuru Mungu. Ila kuna jambo nililolisoma humo linagusa kikao chetu cha Jumamosi, kwa hiyo watu wa bweni letu msome mpaka mwisho.

Mnakumbuka mtu alitoa hoja tuvunje mfuko wa kusaidiana "tulete mabadiliko". Mabadiliko gani? Hakusema. Na aliyeunga mkono wa kwanza, tena kwa kelele, ni mimi. Zilikuwa hasira tu, maana hesabu za muhula uliopita hazieleweki.

Sasa njooni kwenye historia. Wakulima wa kahawa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa nao wakajikusanya, Paul Bomani akiwa mbele. Kasoro zilikuwepo, tusidanganyane. Malalamiko yalizidi hadi mwaka 1966 Serikali ikaunda tume. Tume ikasema ugonjwa ni nini: wanachama hawajui haki zao, watendaji wenye ujuzi ni wachache, na wanasiasa wanaingiza mkono.

Ugonjwa ukijulikana, si unatibiwa? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kazi yao ikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao. Kabla ya hapo, kuanzia 1972, halmashauri zilikuwa zimefutwa kwa jina la madaraka mikoani. Haki itendeke, nia haikuwa mbaya: walitaka maendeleo yamfikie mwananchi haraka. Lakini diwani aliyechaguliwa akaondoka, na maamuzi yakabaki kwa maofisa wa Serikali Kuu. Mkulima naye akabaki bila chombo alichoweza kukiita chake.

Mwisho wake? Halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa na ushirika. Yaani miaka kumi, tukazunguka tukarudi pale pale! Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwenye mahojiano ya mwaka 1984 kwamba angeanza upya, hayo mawili asingeyafanya.

Msiniite mpinga mabadiliko. Serikali ile ile, miaka ile ile, ilifanya kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa, na 1975 watu wakapewa mtihani wa taifa. Wasiojua wakaonekana wamebaki asilimia 39. Hayo nayo yalikuwa mabadiliko makubwa, tena kuliko kuvunja ofisi. Tofauti ni kwamba kila mtu alijua tunaelekea wapi, na kulikuwa na njia ya kupima kama tumefika.

Turudi bwenini. Mwezi wa pili mwenzangu wa chumba alifiwa na mama yake, na bumu lilikuwa halijatoka. Nauli ya Songea ilitoka kwenye mfuko huo huo ninaotaka uvunjwe. Nilikuwepo akikabidhiwa. Sijui siku ile nilipounga mkono hoja nilikuwa nimesahau nini.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama nifute kauli yangu, halafu niulize: kilichoharibika ni mfuko au utunzaji wa hesabu? Kama ni hesabu, tuchague wakaguzi wawili, na kila mwezi mapato na matumizi yabandikwe mlangoni. Mtunza fedha akishindwa kueleza, aondoke yeye, mfuko ubaki. Muhula ukiisha tutazame: nani alisaidiwa, na shilingi ngapi zimebaki. Ikionekana bado haufai, nitakuwa wa kwanza kushika nyundo, ila mtakuwa mmeshaniambia tunajenga nini.

Mtakaonizomea nimeshawasamehe. Naomba kutoa hoja. Alamsiki.